Walifagia Makaburi Kabla ya Barabara

Barabara ni kitu kizuri. Naanza na hilo ili mtu asije akafikiri mimi ni mwanamke mzee anayelilia zamani. Kule kwetu Katanga, karibu na mto, samaki walikuwa wakioza vikapuni huku watu wa mjini wakilia kwamba hawana kitoweo, kwa sababu lori limezama kwenye matope mahali fulani na dereva amelala chini yake akisubiri jua. Mahindi yaliliwa na fukusi. Mnunuzi alikuja mara moja kwa msimu, akataja bei yake, nawe ukakubali, maana asipochukua yeye hakuna mwingine. Barabara ikiwepo wanakuja wanunuzi wengi, na mmoja akikuletea ujeuri unamwambia aende zake. Huo ndio utajiri ninaoujua mimi. Sikusoma sana, lakini huo nauelewa.

Tena mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa kukosa barabara. Alikuwa msichana, meno ya mbele ndiyo kwanza yameanza kung'oka. Homa ilimshika wakati wa mvua kubwa. Marehemu mume wangu alimkalisha nyuma ya baiskeli, tukamfunga kwa kitenge ili asianguke, yeye akawa anasukuma na mimi natembea nyuma nimemshika mtoto mgongo. Tulipofika kijitoni, daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Ng'ambo tuliona bati la zahanati. Tulisimama tukawaita watu wa kule, nao wakatoka, wakatupungia mikono, kwa sababu hawakuwa na kingine cha kufanya. Alifia pale, mgongo wake mkononi mwangu. Tukageuza baiskeli.

Basi mtu asiniambie kwamba barabara ni maneno ya wanasiasa.

Kwetu hatukuwa tunaandika makaburi. Nani angeandika, na msalaba wa mbao mchwa wanaumaliza kabla hujamaliza matanga. Kaburi linajulikana kwa chombo. Mtu akifa, unachukua chombo alichokuwa akitumia, sahani au sufuria au kikombe, unakitoboa tundu chini ili mwizi asikitamani, unakiweka juu ya kaburi upande wa kichwa. Ukipita pale unajua. Sufuria ile yenye mkono mmoja ni ya mama mkwe wangu. Bakuli la maua ni la mzee aliyekuwa akipiga ngoma kanisani. Mimi niliweka kikombe cha mtoto, cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Mume wangu ndiye aliyekitoboa kwa msumari. Mimi nilishindwa.

Kisha vita vikaja, kijiji kikachomwa, mume wangu akauawa, nikaondoka na binti yangu wa pili mgongoni hadi nikafika Johannesburg. Hayo nimeyasema mara nyingi mbele ya madirisha ya ofisi, sitayarudia hapa. Waliorudi kijijini baadaye walirudi, mmoja wao ni mdogo wangu wa kike. Akajenga, akaanza tena kukausha samaki na kuuza. Mimi nilibaki huku.

Nafanya kazi Jeppestown, mtaa wa humu Johannesburg, kwenye yadi ambako wafanyabiashara wanaleta mizigo ipakiwe kwenye malori ya Lubumbashi. Mablanketi, sufuria, viti vya plastiki, mafuta ya nywele, vipuri vya magari. Kazi yangu ni kushona marobota. Vijana wanafunga mzigo kwa turubai, mimi nashona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, kwa uzi niliopaka nta. Robota langu halifumuki njiani, hata lori likipinduka. Pale wananiita Koko, yaani bibi, hata watu ambao ni wazee karibu kama mimi.

Mwenye yadi ni mtu wa Lubumbashi, tunamwita patron. Mwaka ilipotangazwa barabara mpya alibandika ramani ukutani, juu ya meza ya chai, akawa anamshika kila mteja mkono na kumpeleka pale.

"Koko, na wewe njoo uone," aliniambia siku moja. "Leo lori langu likitoka hapa, mimi naomba Mungu tu. Linalala mpakani, linavunja springi, linakaa. Sasa tazama. Barabara mpya inatoka kwetu, inavuka kuingia Zambia, inashikana na ile ya bandari ya Dar es Salaam, inashikana na hii ya kuja huku. Yule mama aliyenunua mablanketi kwangu mwezi wa tano, yalifika lini?"

"Yalifika wakati wa joto," akajibu dereva mmoja aliyekuwa anakunywa chai. Alikuwa Mtanzania, mtu wa Mbeya, mchokozi sana.

"Ndiyo hivyo! Blanketi wakati wa joto, nani atanunua? Barabara ikiisha, atauza baridi ikiwa bado iko mgongoni mwa watu. Atarudi kununua tena. Na kule njiani watu watajenga gereji, mahoteli, maduka. Mkulima atauza mahindi yake barabarani. Nchi zote hizi zitakula."

"Lakini bibi atakosa kazi," dereva akasema. "Njia ikinyooka, nani atashona mzigo kama unakwenda vitani?"

"Na wewe utakosa visingizio," nikamwambia. "Mkeo atajua ukichelewa umelala wapi."

Vijana wakacheka hadi mmoja akamwaga chai. Mimi nilikuwa bado naangalia kidole cha patron. Ramani siijui sana, lakini mto wetu naujua hata ukichorwa na mtoto.

"Hapo karibu na mto inapita wapi?" nikamwuliza.

"Nyuma ya vijiji, Koko, kwenye kile kiinuko. Chini kuna maji, wahandisi hawapataki. Juu ardhi ni ngumu."

Nikarudi kwenye robota langu. Sisi nasi tulichagua kiinuko kwa sababu hiyo hiyo. Hapatuami maji, na maiti hailali kwenye maji.

Nilimpigia mdogo wangu jioni. Alikuwa anajua tayari. Watu wa barabara walikuwa wamekuja na kofia zao ngumu, wakafanya mkutano na chifu. Walizungumza kwa heshima, alisema. Kila kaburi litakaloonyeshwa na ndugu, mifupa itatolewa, itawekwa kwenye sanduku lake, itazikwa mahali papya penye uzio, na jina litaandikwa. Kaburi lisilo na mwenyewe litahamishwa pia, lakini hayo yote yatazikwa pamoja, shimo moja.

"Yaya," akaniambia, hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "wewe usiwe na wasiwasi. Kikombe kiko palepale. Mimi mwenyewe nitasimama."

"Mama ndiye anayesimama," nikamwambia. "Nitakuja."

Binti yangu alikuwa anamsuka mteja palepale chumbani kwetu Berea, maana saluni ilikuwa imefungwa siku hiyo. Hakuinua hata macho kutoka kwenye nywele.

"Utakwenda na karatasi gani, Mama?"

Alisema kwa Kiswahili ili mteja asielewe. Karatasi yangu ni ya ukimbizi. Ukivuka mpaka wa nchi uliyoikimbia, huku wanakuambia: kumbe unaweza kukaa kwenu, basi kaa. Wajukuu zangu wananisubiri kila siku getini mwa shule. Binti yangu anatoka alfajiri kwenda kufungua saluni, baba yao hayupo. Nikibaki upande ule, nani atawachukua?

"Huyo ni dada yangu pia," binti akasema baadaye, mteja alipoondoka. "Sikumwona, lakini ni dada yangu. Nami nasema usiende."

Basi nikafanya nililoweza. Nilikwenda kwa Wahindi nikanunua kitambaa cheupe, pamba nzito. Nilishona mfuko, mdogo, wa urefu wa mtoto yule kama ninavyomkumbuka, ingawa nilijua mifupa haihitaji urefu huo. Sikuushona kwa shazia. Niliushona kwa sindano nyembamba ya nguo, mshono mara mbili, pembeni nikakunja ili uzi usionekane. Binti alinikuta nikiushona akakaa karibu yangu. Halafu akaniuliza alikuwa mtoto wa namna gani. Nilimwambia alikuwa mbishi, na alikuwa hapendi kunywa chai kwenye kikombe cha mtu mwingine.

Dereva wa Mbeya ndiye aliyeubeba. Nilipomwambia ni kitu gani, alivua kofia. Hakuuweka kwenye mzigo, aliuweka kwenye kabini, juu ya kitanda chake, ndani ya shati safi.

"Utafika, bibi," alisema. Siku hiyo hakunitania.

Ulifika.

Siku ya kuonyesha makaburi ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Binti aliegemeza simu yake kubwa kwenye kopo la sukari mezani, nami nikavaa gauni langu la kanisani na kujifunga kitambaa kichwani, kwa sababu ni kwenda makaburini hata kama ni kwa simu. Uso wa mdogo wangu ulitokea, unacheka, umepakwa mafuta.

"Tazama, Yaya, jinsi tulivyopasafisha!"

Akageuza simu. Niliona kiinuko kitupu. Majani yote yamefyekwa, udongo umesawazishwa, na alama za ufagio zimepita juu ya kila kitu kama uwanja wa mtu anayeozesha binti. Chini ya kivuli cha mti palikuwa na mkeka. Juu ya mkeka, vyombo. Sahani na sahani, bakuli na bakuli, sufuria zimefudikizwa, vikombe vimepangwa mstari. Vimesuguliwa kwa majivu, vinang'aa.

"Akina mama wote wa kanisa walikuja jana," alisema. "Wageni walikuwa wanakuja. Tungewaacha wakute uchafu na vyombo vyenye kutu, waseme sisi ni watu wa namna gani?"

Nikamwuliza kikombe kiko wapi. Alikiinua mara moja, cha bluu, akakileta karibu na simu.

"Kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa pale pa watoto, Yaya."

"Pale pa watoto, wapi?"

Aliangalia upande wa pale pa watoto. Nami niliona alichokiona. Udongo laini wenye alama za ufagio na vituta vidogo vilivyosawazishwa hivi kwamba huwezi kusema hiki kinaishia hapa na kile kinaanzia pale. Picha ikashuka ghafla. Alikuwa amekaa chini. Nyuma yake nilisikia wanawake wengine nao wameanza kuulizana, sauti zinapanda, mmoja anasema ile sufuria mimi niliitoa hapa, mwingine anasema hapana, hapo palikuwa na sahani.

Sikumgombeza. Mimi ni mkali, watu wa yadini watakuambia, lakini si kwa hilo. Mgeni anakuja, unafagia. Ningekuwa pale ningefagia pamoja nao.

Nilimwambia asimame aende kwenye kile kichuguu kikubwa, maana mume wangu alichimba kaburi upande linakochomoza jua kutoka kwenye kichuguu. Akaniambia kichuguu hakipo. Watu wa barabara walikuwa wamekichukua mapema, udongo wake unashika vizuri chini ya lami.

"Basi ni mwisho wa safu," nikasema. "Upande wa jua. Baada yake hapakuwa na mtoto mwingine."

Alikwenda mpaka mwisho wa safu, na hapo mwanamke mmoja akamzuia. Nilimtambua, alikuwa jirani yangu zamani, tulikuwa tunatwanga pamoja. Mwanawe alikufa kwa surua msimu uleule.

"Huyu wa mwisho ni wangu," alisema.

"Yaya anasema ni wake."

"Yaya yako yuko wapi?" Akainama kwenye simu, uso wake ukajaa kioo chote. Amezeeka. Nadhani na yeye alifikiri hivyo juu yangu. "Wewe umekaa huko Afrika Kusini unakula mkate na siagi. Mimi ndiye nimepalilia hapa miaka yote. Leo unatoka kwenye simu unasema huyu ni wangu?"

"Mkate na siagi hujauona ninavyoula," nikamwambia. "Lakini sikukatalii. Nauliza. Wako alikuwa wa mwisho, au kabla ya mwisho?"

Aligeuka akatazama mkeka wa vyombo. Alikuwa na mkono mdomoni.

"Nilikuwa najua kwa sahani," alisema. "Nilikuwa naitazama sahani tu."

Nami vilevile. Nilikuwa nakikumbuka kikombe vizuri mno, na mahali sikupakumbuka, wala sikuweza kusema kama wangu ni huyu wa mwisho, wa kabla yake, au mwingine wa safu ile.

Mkubwa wa barabara alikuja, kijana mpole, anaongea Kifaransa kwanza halafu Kiswahili cha Lubumbashi. Alieleza kwamba wakibishana wawili, yule atakayeapa mbele ya chifu, mkono juu ya Biblia, ndiye atakayepewa. Wote wawili wakiapa, itabidi kaburi lile liingie kwenye yale ya pamoja, kwa sababu hana namna nyingine. Na aapaye kwa simu, chifu amekubali.

Mdogo wangu alisogea pembeni, akanong'ona kwenye simu.

"Yaya, apa. Yeye anaogopa, haapi, namwona. Apa tu, tumalize. Nani atajua?"

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilihisi mkono wake begani mwangu, na sikujua anataka niseme nini.

Niliwaza mengi kwa muda mfupi. Niliwaza shimo la pamoja. Niliwaza mtoto asiyependa kikombe cha mtu mwingine amelazwa katikati ya watu. Halafu nikawaza kwamba nikiapa nami sijui, kila nitakapomkumbuka nitakuwa namkumbuka mtoto wa yule mwanamke, na yeye atakuwa amesimama mbele ya shimo akimtafuta wake.

"Mimi siapi kitu nisichokijua," nikasema. Nilisema kwa sauti, wasikie wote. "Mwambie jirani yangu aape yeye. Yeye alibaki, alipalilia. Kama amekosea, amekosea kwa kupalilia."

Mdogo wangu alianza kulia. Yule jirani hakushangilia. Alikwenda mbele ya chifu polepole, akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwa sauti ambayo simu haikuichukua. Aliporudi alinitafuta kwenye kioo, akaniita kwa jina la mtoto wangu, mama wa fulani, kama alivyokuwa akiniita zamani. Miaka mingi hakuna aliyeniita hivyo. Huku mimi ni mama wa huyu binti wa pili.

Nikamwambia mdogo wangu: "Chukua ule mfuko. Fumua mishono yote."

"Yaya, umeushona vizuri hivi."

"Fumua. Ukifumuka ni kitambaa kipana. Utawafunika wale wa pamoja, wote, kadiri kitakavyofika."

Alifumua pale pale, kwa kisu cha samaki. Ilimchukua muda, kwa sababu nilishona mara mbili. Nilibaki namtazama akifumua mpaka binti akaniletea maji.

Walihamishwa katikati ya wiki. Mimi nilikuwa yadini, nashona robota la mablanketi, simu mfukoni. Mdogo wangu alinipigia jioni, nilipokuwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, na wajukuu tukisubiri kuvuka. Alisema mchungaji aliomba vizuri. Kitambaa kilifunika katikati. Pande mbili hakikufika, wakaongezea vitenge. Katapila lilikuwa limesubiri kwa adabu, limezimwa, na walipomaliza tu likawashwa. Hadi jua linazama kiinuko kilikuwa kimeshakuwa chini.

Tulivuka. Nilifikiri amemaliza, lakini hakukata.

"Kuna jambo jingine, Yaya. Naona haya kulisema."

"Sema."

"Pale kwenye kiinuko ndipo njia ya mtoni itakapokutana na barabara kubwa. Malori yatasimama pale. Wanagawa nafasi za vibanda, na chifu ameniwekea moja kwa ajili ya samaki. Wanawake wengine wamechukua. Mimi nimesema nakuuliza kwanza. Ukisema niache, naacha."

Mjukuu mdogo alikuwa ananivuta mkono, ananisemesha kwa Kizulu, anataka vitafunio vya spaza, kile kiduka cha mtaani. Nilimwambia anyamaze. Nilimfikiria mdogo wangu na vikapu vyake, na samaki wote aliowatupa mtoni wameoza. Nilifikiria malori ya patron yakisimama pale na dereva wa Mbeya akishuka kununua, hajui amesimama wapi.

"Chukua," nikasema. "Jenga kibanda kizuri, chenye bati. Na usinipigie tena simu kuniomba ruhusa ya kula."

"Hukukasirika, Yaya?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa bado natafuta neno ambalo si uongo, naye anasubiri, nasikia nyuma yake mashine inafanya kazi. Kisha data ikaisha.